Fundi wa Kompyuta wa Rodi Kopany

Fundi wa kompyuta pale Rodi Kopany hudonoa kibodi kwa vidole viwili, kama kuku kwenye mtama, na kabla ya kudonoa hukohoa, ati mashine yake ya Linux ijue bwana amefika. Leo Awino anangoja kuchapisha fomu ya chuo ya bintiye, mwisho saa sita, na printa haina programu ya kuiendesha. Mtaalamu wetu ameshaiagiza programu hiyo mara tano kutoka ghala lile lile la mtandaoni, na haiji. "Mama, ni mawingu ya bonde la Lambwe yanaziba mtandao." Awino anainamia skrini. "Aii, fundi! Si hapa imeandikwa hilo ghala lilifungwa mwaka juzi?"

Fundi anakohoa, anafuta anwani ya ghala la zamani, anadonoa ya ghala jipya, na programu inaingia. Printa inanguruma, fomu inatoka. "Umeona, mama? Mawingu yameondoka."