Nani Aliitangulia Reli?

Shuleni kwetu, yaani kile kibanda cha mabati alichojenga mzungu mwenye shamba kando ya ghala la ngano, historia ilitundikwa ukutani. Kulikuwa na picha ya mfalme, picha ya mvumbuzi ameshika darubini, na picha ya jenerali juu ya farasi. Wote walikuwa na masharubu. Miaka yangu yote ya shule niliketi chini ya masharubu hayo, nikatoka nikiamini kwamba dunia iliumbwa na Mungu, kisha ikamaliziwa na wanaume wasionyoa.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine kabisa. Tuliishi kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba, kati ya Kiamunyi na Rongai, na pale kambini miaka haikuwa na namba. Ilikuwa na majina. Kulikuwa na mwaka wa nzige, mwaka wa homa iliyofuata vita vya Wajerumani, na mwaka wa tetemeko, ardhi ilipopasuka upande wa Subukia na ng'ombe wakakataa kuingia zizini. Kila mtu mzima alikuwa na mwaka wake kama alivyokuwa na mama yake. Ukizaliwa mwaka wa nzige, basi hata ukiwa na wajukuu, ukiongeza ugali sahani ya pili lazima mtu atikise kichwa na kusema si ajabu.

Baba yangu alikuwa wa mwaka wa reli. Alizaliwa, alisema, wakati gari la moshi lilipopita kwao kwa mara ya kwanza likitafuta njia ya kushuka Bonde la Ufa. Alilitaja jambo hilo kana kwamba reli ilikuwa imekuja kumpongeza.

Nami nikaenda kumpenda mtu wa reli. Alikuwa kijana wa kutoka magharibi, karibu na ziwa kubwa, na alifanya kazi stesheni ya Nakuru. Alivaa kofia ya kazi hata Jumapili. Alisoma gazeti mpaka matangazo, na aliamini kwamba dunia inasukumwa na viongozi, basi. Aliniambia kwa kunong'ona, maana siku zile za hali ya hatari mtu hakusema mambo hayo kwa sauti, kwamba karibu tungepata viongozi wetu na kila kitu kingebadilika. Nilimwuliza kama na kuchota maji kungebadilika. Alifikiri sana kabla ya kujibu, na hapo ndipo nilipojua nitaolewa naye.

Shida ilikuwa ruhusa. Mkusanyiko wowote shambani ulihitaji neno la mzungu, na pombe ilihitaji neno lake mara mbili. Baada ya mavuno alitupa siku moja, Jumamosi, mpaka jua litue. Likishatua, nyapara wa shamba angepita na filimbi yake, kila mtu arudi kwake, na pombe iliyobaki imwagwe. Siku nyingine kama hiyo ingepatikana mavuno yajayo. Na mwezi uliofuata reli ilikuwa inampeleka mchumba wangu kazini Tororo, ng'ambo ya mpaka. Shangazi yangu, dada ya baba, alinieleza jambo hilo bila kulipamba.

"Mwanamume akienda Tororo bila bibi," alisema, "anarudi na bibi wa Tororo."

Basi sikulala vizuri juma zima.

Desturi ya kwetu ni hii. Wazee wa mvulana wanakuja, muratina, pombe yetu ya asali, iko tayari vibuyuni, lakini hakuna anayeonja. Msichana anaitwa. Anaulizwa mbele ya wote: je, tuinywe pombe hii? Akikubali, anapokea pembe, anapiga funda la kwanza, kisha anampa mzee anayestahili, kwa kawaida baba yake. Pembe ikishashikwa na mzee huyo, neno limekwisha. Kabla ya hapo hakuna ndoa, hata kama mbuzi wote wameshaliwa.

Wageni walifika mchana. Aliyewaongoza alikuwa baba mdogo wa mchumba wangu, mzee mrefu mwenye koti la mvua ingawa mvua haikuwa imeonekana kwa majuma. Alikuja na mrija wake mwenyewe, ameufunga kwenye gazeti, kwa sababu kwao wazee huketi kuzunguka chungu na kunywa kwa mirija mirefu. Baba aliutazama ule mrija, mzee yule akaitazama pembe, na nadhani vita vilianzia hapo.

Mimi nilikuwa ndani ya nyumba na shangazi, nimevaa gauni la kuazima lililonibana mbavu, nikichungulia kwenye upenyo wa ukuta wa udongo. Nilimwona baba akisema kwamba sasa msichana aitwe. Kisha nikamwona mgeni akiinua kidole.

"Ngoja kidogo, mzee," alisema kwa Kiswahili, maana lugha za nyumbani hazikukutana. "Akishakunywa, hiyo pembe anapatia nani?"

"Anapatia mimi. Mimi ndio baba yake."

"Kwetu inapewa mkubwa. Na mkubwa hapa ni mimi."

Baba alivuta kigoda chake mbele.

"Mkubwa namna gani? Wewe ulizaliwa lini?"

Ninyi mliozaliwa hospitali hamwezi kujua jinsi swali hilo lilivyokuwa zito. Marika ya kwetu na marika ya kwao yalikuwa na majina tofauti, na huwezi kulinganisha majina mawili usiyoyajua. Ilibidi watafute mambo makubwa yaliyompata kila mtu, huku na kule. Wakaanza na nzige. Mgeni alisema nzige walipokuja yeye alikuwa tayari anawafukuza kwa debe. Baba alisema hao ni nzige wa pili, watoto tu, yeye anasema wale wa kwanza. Wakahamia vita vya Wajerumani. Wote wawili walikuwa wamebeba mizigo ya jeshi, na kila mmoja alidai kwamba mzigo wake ulikuwa mzito zaidi, kwa hiyo alikuwa mkubwa zaidi. Wakaja kwenye homa. Wote walikuwa wameugua na wote walikuwa karibu kufa.

Mwalimu wa dini wa kambini, ambaye alialikwa kwa ajili ya sala ya chakula tu, alisimama akasema kwamba kilichobadilisha nchi hii si nzige wala vita bali kitabu, kwani kabla ya herufi watu walikuwa gizani. Wakamwuliza kitabu kilikuja kabla ya reli au baada ya reli. Akasema kilikuja ndani ya reli, kwenye sanduku. Wakamwambia aketi.

Mchumba wangu naye, Mungu amrehemu, hakujua kunyamaza. Alisema wazee wasahau yaliyopita, mwaka huu wenyewe utakumbukwa kwa viongozi. Baba yake mdogo alimtazama mpaka akavua kofia.

"Sasa tuseme reli," alisema baba, na nilijua alikuwa ameiweka akiba. "Mimi reli ilinikuta duniani. Siku ilipita kwetu nilikuwa nachunga mbuzi."

Nilishtuka. Maisha yangu yote nilisikia kwamba alizaliwa wakati ule. Sasa ghafla alikuwa na mbuzi.

Shangazi alikuwa ameketi nyuma yangu akinusa ugoro. Alipiga chafya.

"Mbuzi gani?" alisema kwa sauti ya chini. "Nilimpeleka mgongoni mwangu kuitazama hiyo reli. Ilipopiga honi alinikojolea mgongo mzima. Nilirudi nyumbani nimelowa."

"Shangazi, toka ukawaambie."

"Nani ameniuliza?" alijibu, akaufunga ugoro wake.

Nje, mgeni naye hakuwa amelala. Alisema reli ilipofika ziwani yeye alikuwa anatembea, tena anakimbia. Mwalimu wa dini, asiyechoka kusaidia, akaanza kupiga hesabu kwa kijiti mchangani. Reli ilitoka pwani, akasema, basi ilipita kwa mwenye nyumba mapema na kufika kwa mgeni baadaye, na kama huyu alikuwa amezaliwa ilipopita huku, na yule alikuwa anatembea ilipofika kule, basi wazee hawa walikuwa karibu mapacha. Alifurahi sana. Wao hawakufurahi hata kidogo. Hakuna mzee aliyetoka nyumbani asubuhi akitumaini kupata pacha.

Jua lilikuwa limeshafika juu ya miti ya mzungu. Nilisikia filimbi ya nyapara upande wa zizi, akiwaita wakamuaji. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu, na sikujua nianze na lipi. Tororo ilikuwa inanisogelea nami nimekaa nyuma ya ukuta, nimebanwa mbavu, nikingoja wanaume wawili wamalize kuzaliwa.

Ndipo chamchela, kile kimbunga kidogo cha vumbi, ikaja. Wakati wa kiangazi zilikuwa hazikosi, zinainuka kwenye mashamba yaliyolimwa na kutembea nchini kama mtu mwenye shughuli. Hii ilikuja moja kwa moja kati ya vigoda vya wazee. Ilifuta hesabu za mwalimu wa dini, ikachukua kofia ya mchumba wangu, ikafungua koti la mvua mpaka mgeni akaonekana kama hema. Wanaume wote wakafunika macho.

"Funikeni pombe, nyinyi!" shangazi alipiga kelele.

Nilitoka mbio. Nilitandika leso yangu juu ya vibuyu, na pembe, ambayo ilikuwa imeshajazwa tangu mchana ikingoja mkubwa, niliikumbatia kifuani ili isiingie mchanga. Vumbi lilipotulia, watu walifumbua macho, wakaniona nimesimama katikati yao na pembe mkononi.

"Mtoto," baba alisema, "bado hujaulizwa."

"Nimeulizwa tangu mchana, baba. Nimekubali."

Nikanywa. Sikupiga funda dogo la msichana mwenye haya. Kulikuwa na mchanga kidogo, na ilikuwa tamu.

Mikono miwili ilinyooshwa mbele yangu, mmoja wa baba, mmoja wenye mkono wa koti la mvua. Niliitazama yote miwili. Nilimpenda baba na nilimwogopa, na yule mwingine nilikuwa nitampikia maisha yangu yote. Niligeuka nikamtazama shangazi mlangoni.

"Shangazi, siku reli ilipopita kwetu, baba alikuwa wapi?"

Hatimaye mtu alikuwa amemwuliza.

"Mgongoni kwangu," alisema. "Na mgongo ulikuwa umelowa."

Mgeni ndiye aliyecheka kwanza, akacheka mpaka akashika goti. Kisha wanawake, kisha kambi nzima. Mimi nilikuwa nimeshatembea mpaka mlangoni. Nilipiga goti nikampa shangazi pembe kwa mikono miwili, kwa sababu kama pembe ni ya mkubwa, mkubwa alikuwa yeye, na hapakuwa na mwanamume hapo aliyeweza kusema alimtangulia kuzaliwa. Aliipokea bila haraka. Alimwaga tone moja chini, akanitemea kidogo kifuani kunibariki, kisha akapeleka kichwa nyuma na kuinywa yote. Alirudisha pembe tupu.

"Basi," alisema. "Ameolewa."

Mgeni alikunjua lile gazeti, akatoa mrija wake, akautumbukiza kwenye kibuyu kimoja. Baba aliletewa pembe nyingine. Shangazi akahesabu kama vile anawaanzisha watoto mbio, nao wakanywa pamoja, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho asije akatangulia.

Nyapara alifika jua likigusa ukingo, filimbi mdomoni. Aliuliza kelele ni za nini. Wakamweleza habari za reli na mgongo. Alitoa filimbi mdomoni.

"Mimi ni wa mwaka wa nzige," alisema.

"Nzige gani?" mgeni aliuliza. "Wa kwanza ama wa pili?"

Nyapara akavuta kigoda. Pombe haikumwagwa siku ile.

Baba hakusema nami kwa muda mrefu. Nilikwenda Tororo bila baraka za mdomo wake, nikiwa na sufuria mbili na uchungu ambao sikumwonyesha mume wangu. Shangazi alifariki msimu wa mvua uliofuata, nami sikufika kwa wakati. Niliambiwa kwamba kaburini mwalimu wa dini aliuliza alizaliwa mwaka gani ili auseme katika sala, na watu wakatazamana.

Binti yetu wa kwanza alikuwa ameanza kushika vitu baba alipokuja kumwona. Alikuja kwa gari la moshi, amevaa vizuri, akashuka kama mtu anayetembelea mali yake. Baba mdogo wa mume wangu alikuwapo pia, na wazee hawa wawili, ambao sasa hawakuweza kuachana, waliketi kivulini nyuma ya nyumba yetu ya reli. Mimi nilikuwa napika. Jirani mmoja aliwauliza huyu mtoto ni wa mwaka gani, na mume wangu akafungua mdomo, bila shaka kumtaja kiongozi fulani.

Baba alimtangulia.

"Huyu," alisema, akimpakata binti yangu, "ni wa mwaka uliofuata ule dada yangu alikunywa kabla yetu sisi wote."

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya pembe, akaniita kwa jina langu, akaomba maji.