Fundi Kufuli na Tovuti ya Mkewe
Mtaa mzima ulimwita Fundi Kufuli, na jina hilo hakulipinga. Alikuwa mtu ambaye akitoka nyumbani husukuma mlango mara tatu kuhakikisha umefungwa, kisha akifika getini hurudi kuusukuma mara ya nne, asije akawa amekosea hesabu. Kila kitasa alichokigusa, cha mteja au cha kwake, alikiandika kwa penseli kwenye daftari lenye jalada gumu: siku, mahali, alichofanya. Hata alipobadilisha komeo la choo cha nyumbani aliandika, "Choo. Komeo jipya. Limejaribiwa." Mkewe alimuuliza alilijaribu akiwa upande gani, na mpaka leo hajajibu.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, wateja wakimwita Mama Mishono. Alipotaka kuonyesha nguo zake mtandaoni, alikusudia kutumia kampuni ya kutunza tovuti kama watu wengine, lakini mumewe hakutaka hata kusikia. "Tukapange kwa watu na nyumba tunayo?" Akaichukua kompyuta yao ya zamani iliyopasuka kioo, akaipandisha juu ya kabati la jikoni, akaiunganisha na modemu na kuigeuza seva, yaani mashine inayoitunza tovuti na kuwafungulia wanaoitembelea. Ilinguruma pale kati ya masufuria mwaka mzima, na tuseme ukweli, ilifanya kazi. Kichwa kikamvimba Fundi.

Mpaka Alhamisi moja, saa mbili na nusu asubuhi, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana alipompigia simu Mama Mishono. Saa nne kamati yake ingechagua wa kushona sare za shule nzima. Walikuwa wamebaki mafundi wawili, na walitaka kuona kazi zao. "Ya mwenzako nimeiona," mwalimu alisema. "Ya kwako haifunguki."

Mama Mishono alimkimbilia mumewe akamweleza. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akipunguza suruali za watu na kubadilisha zipu. Sare hizo zilikuwa na maana ya cherehani ya pili, msaidizi, na kutoona tena zipu ya mtu mpaka aamue mwenyewe.

"Haifunguki wapi?" mumewe alisema akiinua simu yake. "Hii hapa. Inafunguka kama kawaida."

"Wao hawaioni."

"Basi wana matatizo ya macho."

Mama Mishono alitoka na simu yake mpaka kwa kinyozi wa jirani, ambako waifai ya nyumbani haifiki, simu ikaanza kutumia bando. Tovuti ilizunguka, ikazunguka, ikakata tamaa. Alirudi jikoni, ikafunguka. Akatoka tena, ikagoma tena. Kinyozi alisimama na mkasi mkononi akimtazama anavyokwenda na kurudi, asijue ampe pole au la.

"Ndani inafunguka, nje haifunguki," alimwambia mumewe. "Na wewe unaijaribu ukiwa ndani, Fundi. Yale yale ya komeo la choo."

Fundi alijitia hamnazo. Alizima mashine, akaiwasha, akachomoa nyaya na kuzipuliza vumbi. Mwisho akaipigia kampuni ya mtandao, na binti wa huduma kwa wateja hakujua kilichomkuta.

"Binti, mimi kazi yangu ni milango tangu hujazaliwa. Tatizo liko kwenu."

Binti alimwomba asubiri kidogo, akawekewa muziki. Fundi akamgeukia mkewe, miwani ikiwa imepanda kwenye paji la uso. "Labda simu yako inakumbuka ukurasa wa zamani. Nitumie picha yoyote mpya niiweke mbele, tujue tunachokiona ni cha sasa."

Hapo ndipo shetani alipompitia Mama Mishono. Jumapili iliyopita sanamu lake la kupimia nguo lilikuwa limevunjika mguu, na mumewe akasimama badala yake: gauni la bluu la sare alilolishona kama mfano, ukosi mweupe, mkanda, mikono ameitanua, magoti yanachungulia chini ya pindo. Alimpiga picha, naye Fundi akamwapisha kwamba hakuna kiumbe atakayeiona. Basi, nje si hawaoni kitu? Angeitoa kabla ya saa nne. Aliituma, na mumewe akaiweka ukurasa wa mbele, kubwa kuliko zote, bila kushusha miwani.

Binti alirudi kwenye simu. "Mzee, kuna mtu amebadilisha chochote kwenye modemu?"

"Hakuna aliyeigusa."

Mama Mishono aliiangalia saa, kisha akaliangalia daftari lililokuwa kando ya birika. Alilifungua ukurasa wa mwisho. Uliandikwa kwa mwandiko mzuri: "Jumatatu. Modemu. Milango yote ya nje imefungwa. Imejaribiwa." Alikumbuka. Jumatatu mumewe alitoka kwa kinyozi na habari za wezi wa mitandao, wanaopita kwenye vilango vya modemu vyenye namba. Alikuwa amevifunga vyote, pamoja na kile wanachopitia wateja.

Alimwekea daftari mbele, kidole juu ya mstari. Fundi alilisogeza mbali, akalikaribisha, akanywea.

"Mzee, bado upo?"

"Nipo, binti. Kumbe ni kitu kidogo tu. Nyinyi msingekiona." Akakata simu.

Kufungua kulimuuma. "Mmoja tu?" aliuliza.

"Huo wa wateja."

Modemu ikazima na kuwaka kwa mapozi yake, taa moja moja. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tatu Mama Mishono alipofika kwa kinyozi anahema. Tovuti ilifunguka. Mumewe alijaa kwenye kioo kizima na gauni lake. Mama Mishono alicheka mpaka akashika ukuta, ndipo akakumbuka saa, na kicheko kikamkauka. Alirudi mbio. "Itoe ile picha!"

"Picha gani?"

Simu ikaita. Kwa kiherehere Mama Mishono alibonyeza pasipostahili, sauti ikatoka kwa wote.

"Abee, mwalimu."

"Mama Mishono, imefunguka. Niko hapa na kamati." Nyuma yake mtu alikuwa anakohoa kwa namna isiyo ya ugonjwa. "Tuna swali moja. Huyu mwanafunzi yuko kidato cha ngapi?"

Fundi alishusha miwani, akausogelea ukurasa wa tovuti. Mama Mishono aliiona cherehani ya pili ikienda na maji, tena kwa mkono wake mwenyewe.

"Ni mume wangu, mwalimu. Sanamu langu limevunjika mguu."

"Na hiyo ni saizi ya mtoto?"

"Ya kidato cha nne. Mshono hata mmoja haukuachia."

"Tumeona. Tumeikuza picha tukaangalia kwapani." Mwalimu alivuta pumzi. "Mwenzako ametuonyesha nguo zimetulia. Yako tumeiona ikiteseka. Njoo Jumatatu na futi yako, uwapime wasichana."

Simu ikakatwa. Mama Mishono alianza kuomba msamaha, kikatoka kicheko. Mumewe alichukua penseli, akaandika taratibu: "Alhamisi. Modemu. Mlango mmoja umefunguliwa. Umejaribiwa na mke, upande wa nje."

"Ile picha," alisema bila kuinua kichwa, "ungeniambia nivute tumbo."