Siku Niliyokuwa Uturuki Huku Niko Balad

Kuna duka moja la masanduku ya safari kule Balad, mji mkongwe wa Jeddah, ambalo mpaka leo silipiti, nikilazimika kwenda upande ule basi nazunguka kwa nyuma hata kama jua linachoma, kwa sababu mwenye duka, Myemeni mmoja mcheshi, nasikia bado anawahadithia wateja wake habari zangu. Basi bora mzisikie kutoka kwangu mwenyewe, maana aibu yake niliyonayo haijapungua hata kidogo na yeye anaongeza chumvi.

Mie nimezaliwa hapa hapa Jeddah, babu yetu alihamia na familia yake kutoka Unguja baada ya sitini na nne, lakini kila likizo ya skuli nilikuwa napelekwa Zanzibar kwa shangazi yangu, Bi Zuhura, pale Kikwajuni. Likizo zile sizisahau. Shangazi hakujaaliwa mtoto, kwa hiyo mtoto wake nilikuwa mimi, akinipa kitanda chake yeye akalala chini kwenye mkeka, na jioni akinisuka barazani huku ananiuliza habari za Jeddah, barabara zake, maduka yake, watu wanakula nini, anasikiliza kwa makini utadhani kesho ataulizwa. Na kila nilipoondoka alikuwa na neno moja tu, kwamba siku Mungu akimjaalia umra atakuja kwangu kunywa chai.

Sasa mnaoishi huku mnajua, ukikaa Jeddah wewe ni hoteli ya ukoo mzima. Mwaka ule nilishapokea wageni wa umra mara tatu mfululizo, wengine siwajui hata jina, na mimi na mume wangu Nassor tulikuwa tumejiwekea safari yetu ya kwanza ya mapumziko, pwani ya Uturuki, Antalya, tuondoke Alkhamisi. Jumapili shangazi akapiga simu. Nyumba iko juu chini, nguo zimetapakaa sakafuni, naye ananiambia kwa furaha kwamba kapata umra, wako kina mama wanane na kiongozi wao, na kesho wanatua Jeddah. Mama wanane. Ulimi ukateleza wenyewe, nikasema lahaula, shangazi, sisi tumeshaondoka, tuko Uturuki.

(Ilikuwa ni kuiwahisha safari siku nne tu, nilijiambia, si uongo mkubwa.)

Angekasirika ningejua la kumjibu, lakini hakukasirika. Akasema basi inshallah mara nyengine, ila nimhadithie huko kukoje, maana yeye hajawahi kufika na hatofika.

Ikawa ndiyo kazi yangu. Na kama vile haitoshi, ikama ya Nassor, kibali chake cha kuishi huku, ikawa inahuishwa, na bila ikama hupati viza ya kutoka na kurudi, kila akienda kuulizia anaambiwa bukra, na hiyo kesho ya huku mnaijua, Alkhamisi ikaja ikapita na sisi tuko pale pale sebuleni. Shangazi yuko Makka, mwendo wa saa moja kwa gari, na mimi nikawa kila asubuhi najifungia bafuni na kijitabu cha wakala wa safari, nafungulia bomba kidogo ili isikike bahari, namrekodia sauti ya leo tumefanya nini. Ukurasa wa kwanza ulikuwa boti inayozunguka ghuba moja baada ya nyingine, inasimama watu wanaogelea. Ukurasa wa pili mji wa kale uliozama, ukiinama kwenye boti unaona ngazi zake chini ya maji. Siku ya chai ya asubuhi yenye visahani ishirini vya zaituni na jibini na asali, akaniuliza ni nani anaviosha. Siku ya hamamu akataka kujua anayenisugua ni nani na nimevaa nini, nikamwambia ni mwanamke na nimejitanda khanga yangu (hamamu yenyewe sijawahi kuiona hata mlango).

Kumbe kila sauti yangu anawasikilizisha wenzake wote chumbani, na picha yangu kawaonyesha. Kaka yangu Abdalla naye alitoka Riyadh na mkewe, mwendo wa saa tisa barabarani, kwenda kumsalimia, akanipigia akiwa huko kuniuliza Uturuki baridi au joto. Nikamwambia wastani.

Siku ya sita nikaishiwa, ukurasa uliobaki ulikuwa wa watu wanaoruka kutoka mlimani kwa miavuli mpaka ufukweni. Nikarekodi kwamba kesho Nassor anaruka. Nassor wakati huo yuko na singlendi anakula ful, maharage ya huku, mbele ya televisheni. Shangazi akajibu haraka, nimkataze, nimwambie Bi Zuhura kasema asiruke. Kesho yake akaniletea sauti nyengine, kwamba amemwombea Nassor kwenye tawafu, na kina mama wote wanane wamemwombea, na hakulala. Nassor aliposikia aliweka mkate chini, akaniambia niende Makka nikamwambie mzee wa watu ukweli, halas, yaishe. Nikamwambia kesho.

Hiyo kesho viza ikatoka. Nilijua siku hiyo ndiyo shangazi anaondoka, nikafikiri watatoka Makka moja kwa moja hadi uwanja wa ndege (na nitakuwa mkweli, nilishusha pumzi, nikasema mambo yamekwisha bila kuonana). Nikaenda Balad kununua sanduku. Myemeni akaniuliza nasafiri wapi, nikamwambia, na yeye akakumbuka kwamba ana vitu vya bahari pia, akanivika kofia pana ya jua, miwani ya kuogelea nikaipandisha kwenye paji la uso, halafu, kwa kuwa nilimwambia kuogelea sijui, akaleta boya la mpira la kuvaa kiunoni, la njano, akanivika juu ya abaya na kulijaza upepo kwa pampu ili tuone kama linanienea. Lilinienea mno. Lilinibana kiasi cha kutopanda wala kushuka, na mlango wa duka lenyewe mwembamba, nikijaribu kutoka nje kwenye nafasi ya kulivua nikakwama pale kizingitini, nusu ndani nusu nje.

Ndipo nikasikia Kiswahili. Kina mama wa mabuibui wanakuja na mifuko yao, basi lao limewapitisha Balad kununua zawadi, na mmoja akasimama akanikazia macho akauliza kwa sauti, si huyu Salma wa Uturuki?

Shangazi akatokea nyuma yao. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyokuwa namkumbuka. Akaniangalia kuanzia kofia mpaka boya, na mimi, Mungu anisamehe, mdomo nilishaufungua kusema tumerudi leo asubuhi, lakini Myemeni akaniwahi, akawaeleza kwa furaha kwamba bibi huyu anasafiri kesho, mara yake ya kwanza kuiona Uturuki, na mama mmoja anayejua Kiarabu akawafasiria wote, neno kwa neno.

"Mumeo yuko wapi?" shangazi akaniuliza.

"Yuko nyumbani, shangazi."

"Hakuruka?"

"Hakuruka."

"Alhamdulillahi," akasema, na nikaona kweli mabega yake yameshuka.

Akanikaribia, akatafuta kizibo cha boya, akakivuta. Upepo ukatoka taratibu, na sisi wote tumesimama tunausikiliza, hakuna aliyecheka. Nikamshika mkono nikamwomba twende nyumbani, dakika ishirini kwa teksi, anywe chai tu. Kiongozi wao alikuwa anaita, basi linakwenda uwanja wa ndege.

"Muda umekwisha, mwanangu," akasema. Akafungua mkoba akatoa kopo la visheti alivyonikaangia tangu Unguja, akasema alikuwa hajui amwachie nani.

Uturuki tulikwenda. Boti ipo, mji uliozama upo, ngazi zinaonekana kama kijitabu kilivyosema. Siku ile ya boti nilimrekodia shangazi, bahari ya kweli safari hii, na picha juu yake, nikasubiri. Alijibu jioni, kwa upole ule ule: "Hayo ulishanihadithia, mwanangu. Furahini." Angenitukana ningelala.

Magoti yake sasa hayamruhusu tena safari ya ndege. Nikenda Unguja ananipokea vile vile, haulizi chochote, na kinachoniuma ni kwamba hata habari za Jeddah haniulizi tena. Mimi nimeapa, mgeni wa umra akipiga simu simuulizi wako wangapi, hata wiki hii ninao sita wa kutoka Pemba wamejaa mpaka sebuleni. Nimeshawapikia mashangazi wa watu mpaka nimepoteza hesabu, na kila nikiwamiminia chai nakumbuka kwamba wangu mimi alifika mpaka Jeddah na hakuionja.