Disketi ya Mama Houda

Kudra wa Buyenzi, Bujumbura, mama yake Houda, alikuwa na mdomo unaotangulia maswali. Vita ndivyo vilivyomfundisha, wallahi. Kila asubuhi kulikuwa na barrage, kizuizi cha jeshi, njiani, na askari walikuwa na maswali yao yaleyale. Kabla hawajafungua kinywa, keshainua kitambulisho na kuwamwagia: "Natoka Buyenzi, naenda kutafuta kazi, karangamuntu ni hii, mufuko una chakula." Wakimwona tu wanacheka, wanampisha.

Ujanja huohuo akauingiza kwenye kompyuta, ufundi aliofundishwa na shemeji yake dukani. Mwaka 2005, shule moja ya ukatibu ya Mutanga Sud ilipata kompyuta kumi na mbili za mtumba. Directeur, yaani mkuu wa shule, bwana Sylvère, akampa siku moja ya majaribio: zote zikiwa tayari kabla ya saa kumi, umeme unapokatwa, kazi ni yake. Asipoweza, ataitwa fundi wa Kiriri, yule mwenye gari na tai. Na Kudra aliitaka ile kazi, jamani!

Sasa, kuweka programu kwenye kompyuta ni kuhojiwa. Lugha gani? Nchi gani? Neno la siri ni lipi? Ukienda kunywa chai, inakaa inakusubiri. Kudra akaandika majibu yote mapema kwenye disketi. Anaichomeka, kompyuta inasoma, inajijibu, anahamia nyingine. Adhuhuri alikuwa ameketi anakula ndagala zake, vile visamaki vya ziwani, mashine zinanguruma.

"Mama Houda, umekuja kufanya kazi ao kula?" Sylvère akauliza.

"Kazi inajifanya, patron. Karibu ndagala."

Saa tisa na nusu mashine zikamaliza. Kudra, kifua mbele, akaandika neno la siri: amani. Kompyuta ikakataa. Ya pili nayo ikakataa. Zote kumi na mbili! Sylvère akaangalia saa, kisha akashika simu.

"Nimuite wa Kiriri?"

"Apana! Ngoja kwanza, patron!"

Akafungua daftari alimonakili majibu yake. Lugha, sawa. Nchi, sawa. Kibodi... ya Kimarekani! Alinakili mfano wa waliotengeneza programu, mstari ule hakuugusa, na kibodi za Bujumbura ni za Kifaransa. Ukibonyeza A, kompyuta inasikia Q; M nayo imehamia penye koma.

"We Kudra, na mudomo wako!" akajiambia, akacheka kwa sauti.

Basi penye A akabonyeza Q, penye M akabonyeza koma. Ikafunguka! Akarekebisha jibu la kibodi mashine kwa mashine, vidole vinakimbia. Ya kumi na mbili ilipofunguka, ilibaki dakika tatu.

"Sasa, Mama Houda, nilitaka kukuuliza..."

"Ndiyo, patron. Kesho saa moja na nusu niko hapa."

"Hata sijauliza!"

"Lakini umeshajibiwa."

Sylvère akacheka, akampa ufunguo wa chumba. Hapohapo umeme ukakatika.

Jioni, kwenye barrage, Kudra akaanza wimbo wake: "Natoka Mutanga, naenda Buyenzi, karangamuntu ni hii..." Askari mmoja akamkata kauli.

"Mama, ile kazi unayotafuta kila siku, umeipata?"

Miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Kudra akatia mkono mfukoni. Akainua tu ule ufunguo wauone, machozi yakimtiririka.