Mtunzi wa Wimbo wa Ngonga

Tangu Jumamosi sikai nikatulia. Mtu akicheka hapa Bondeni, najua ananicheka mimi.

Mimi nauza mtandaoni violezo vya video za harusi: mteja anaweka picha zake tu, muziki umo tayari. Kiolezo kimoja kilirudishwa na wenye tovuti, maana muziki nilioununua uliruhusiwa kwenye video zangu, si kuuzwa tena ndani ya kiolezo. Nami na pupa yangu! Nikachukua sauti za akina mama niliowarekodi kijijini Ngonga, wakipalilia mpunga na kuimba Kinyakyusa. Wimbo wa shambani nani ataudai? Nikathibitisha kwamba ni mali yangu, na mwishoni mwa video nikaandika majina yangu yote matatu kuwa mtunzi. Sisi watoto wa wenye maduka tumekulia kwenye Kiswahili. Kinyakyusa changu kinaishia kwenye "ndaga", asante.

Jumamosi nikaalikwa harusini Mbugani. Kumbe bwana harusi alikuwa amekinunua kiolezo kile. Video ilipoanza kuonyeshwa ukutani na wimbo kusikika, ukumbi ukaangua kicheko. Nikadhani mitambo imeharibika, nikakimbilia mbele. Wakazidi kucheka.

"Mama, kuna nini?" nikamwuliza mama mzazi wa bibi harusi.

"Wimbo huu niliutunga mimi, siku ile ulipokuja shambani," akasema akifuta machozi. "Unasema: kijana wa kamera anakanyaga mpunga wetu na raba zake, mwambieni picha hailiki. Sasa nani kauleta huku?"

Kabla sijajibu, ukutani nyuma yake yakatokea majina yangu, yote matatu.