Mashine Inayosalimia Watu Wakati wa Mavuno

Kabla ya kupima kitu chochote, Mukankusi hupima kwanza kipimo chenyewe. Hugusanisha ncha mbili za waya na kungoja namba ishuke mpaka karibu na sifuri. Kisha hutoa mfukoni kirezista, kipande kidogo cha kuzuia umeme ambacho thamani yake anaijua, akakipima, kama mtu anayemuuliza mgonjwa jina lake ili kuhakikisha kwamba bado ana fahamu. Wateja hukereka. Mtu wa Kamembe akileta mota iliyoungua anataka isukwe upya na iondoke. Hakuja kutazama mwanamke akihoji multimeta. Ndiyo maana wamembandika jina la Madamu Norme, yaani Bi. Viwango. Yeye hulipokea kama wengine wanavyopokea cheo, jambo ambalo limeharibu sehemu kubwa ya utani.

Alizaliwa ng'ambo ya mto unaotenga Rwanda na Kongo, Bukavu, katika familia ya Wanyarwanda ambao kila mwaka walikuwa wanarudi nyumbani mwaka ujao. Waliporudi kweli, alikuwa na umri wa kutosha kuingia shule ya ufundi, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko Kinyarwanda chake, hivyo akawa mgeni pande zote mbili za daraja. Umeme ulimfaa. Omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, ni omu Bukavu, ni omu Kamembe, na haimuulizi mtu amekulia wapi.

Karakana anayofanyia kazi ni ya Mzee Mudathiru, Mwislamu wa Kamembe, mtoto wa fundi saa, mwenye mikono mikubwa isiyofanana kabisa na urithi huo. Karakana inasuka mota, na mara moja kwa mwaka inashuka bonde la Bugarama kukagua vinu vya mpunga. Kinu kikifaulu, Mzee anabandika juu ya sanduku la swichi stika ya kijani yenye jina lake na sahihi. Bondeni stika hiyo inaheshimiwa kuliko karatasi nyingi za ofisi, labda kwa sababu haikunjiki.

Mwaka huu, mavuno yalipoanza, Mukankusi alitumwa peke yake kwenye kinu cha ushirika mmoja wa wakulima kubadilisha mkanda na beringi. Kazi ndogo. Stika ilikuwa mahali pake, ya kijani, haijapauka hata kidogo. Alikuwa bado anaisikiliza beringi, mashine ikizunguka, alipoona kwamba Maman Umuhire, mwanamke anayemimina mpunga kwenye mdomo wa mashine, amesimama juu ya magunia makavu yaliyokunjwa na kurundikwa kama kitanda.

"Maman, hayo magunia ni ya nini?"

"Ni sababu ya mashine. Iko nasalimia bantu."

"Inasalimiaje?"

"Ukiigusa na miguu chini, inakushika mukono kidogo, inakuachilia. Haina mubaya. Ni heshima tu."

Wanawake wawili waliokuwa wakipepeta karibu walicheka. Mmoja alisema mwaka jana mashine ilimsalimia mpaka akaangusha bakuli, na kwamba mume wake hajawahi kumsalimia kwa nguvu hiyo tangu harusi.

"Na mwezi wa kupanda, mliposafisha hapa ndani, ilisalimia?"

Maman Umuhire alifikiri. "Apana. Wakati ya kupanda hata tukiiwasha kujaribu, inanyamaza. Inasalimia wakati ya mavuno tu. Tunasema iko na furaha ya kuona muchele."

Mukankusi aliacha beringi. Mashine yenye furaha ya msimu ilikuwa jambo ambalo shule ya ufundi haikumfundisha.

Alitoka nyuma ya kinu kuitafuta latere, kama mafundi wa huku wanavyoiita: waya unaotoka kwenye mwili wa mashine na kwenda kufungwa kwenye fimbo ya shaba iliyogongomelewa ardhini. Kazi yake ni ya kipolisi. Umeme ukitoroka mahali pake na kuingia kwenye chuma cha mashine, waya huo unaukamata na kuupeleka ardhini, swichi kubwa inakata, na hakuna mtu anayelazimika kuupitisha mwilini mwake. Fimbo aliipata kwenye tuta la shamba la mpunga. Waliigongomelea hapo kwa sababu udongo wa tuta ni laini na nyundo haichoshi. Sasa maji ya shamba yalikuwa yameshatolewa, kama inavyopaswa kabla ya kuvuna, na ule udongo mweusi wa Bugarama ulikuwa umekauka na kupasuka. Fimbo ilisimama katikati ya ufa. Aliitikisa kwa vidole viwili ikacheza kama jino la mtoto.

Alikwenda kuchukua mashine ya kupimia ardhi. Akaipima kwanza yenyewe, bila shaka. Halafu akavuta waya zake ndefu, akachomeka vijiti vyake viwili shambani, akabonyeza. Kikomo cha karakana ni omu kumi; ikizidi, umeme hauingii ardhini vizuri. Kioo kilionyesha mia moja na arobaini.

Hapo ndipo alipoelewa, na alichoelewa hakikumpendeza, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Mzee Mudathiru alikuwa amepima, tena kwa uaminifu. Alipima msimu wa kupanda, maana ndipo vinu vinapolala na kila mtu ana nafasi ya kupika chai na kumwonyesha fundi mambo yalipo. Wakati huo tuta lote limeloa, fimbo imekaa kwenye tope kama kiboko, na omu ni sita. Kila mwaka omu sita, kila mwaka stika. Kisha maji yanatolewa, udongo unapasuka, na siku hiyohiyo kinu kinawashwa. Bonde zima lilikuwa likikaguliwa kwa uangalifu mkubwa katika miezi ambayo halikuhitaji kukaguliwa. Historia ina himaya kadhaa zilizoanguka kwa utaratibu huo.

Akazima swichi kubwa.

Papa Munyaneza, rais wa ushirika, alifika haraka kama wafikavyo watu wanaposikia ukimya. Nje palikuwa na lori la mnunuzi, wakulima juu ya magunia yao, na jua la Bugarama ambalo halina subira na mtu.

"Maman, umekuya kubadilisha mukanda ao umekuya kutufungia?"

"Nimekuja kwa mkanda, Papa. Lakini latere yenu imekufa. Mashine haiwaki mpaka ifufuke."

"Imekufa namna gani? Stika ile pale. Sahihi ya Mzee. Wewe ni mukubwa kuliko Mzee?"

"Mzee alipima ardhi yenye maji. Leo haina maji."

Munyaneza alikuwa mtu wa vitendo. Aliagiza mabidoni mawili ya maji yamwagwe kwenye fimbo. Mukankusi hakumzuia. Maji yalizama kwenye ufa kwa sauti ya mtu anayekunywa baada ya safari, naye akapima tena mbele ya wote: omu ishirini na tano.

"Munaona," Munyaneza aliwaambia wakulima. "Ilikuwa kiu tu. Bidoni moja tena na tunasaga."

"Ongeza," alisema Mukankusi. "Kisha tukae."

Wakaongeza. Ikashuka zaidi, watu wakapiga makofi. Yeye akageuza ndoo, akaikalia, akafungua chakula chake, akala wali na maharagwe bila haraka huku lori likipiga honi. Alipomaliza akapima tena, na tena baada ya hapo. Maji yalikuwa yakiendelea chini kwenye nyufa kutafuta maisha yao, na namba ilikuwa inapanda. Kwa kila kipimo makofi yalizidi kuwa haba.

"Sasa weka bantu ba kumwangilia," mkulima mmoja alipendekeza. "Mumoja asubuyi, mumoja mangaribi."

"Na siku akilala," alisema Mukankusi, "Maman Umuhire ndiye atakuwa latere."

Maman Umuhire aliyekuwa mlangoni akatazama mikono yake. Munyaneza naye aliitazama, halafu akatazama lori.

"Lakini bamezoea," alisema, kwa sauti ya chini sasa. "Magunia iko. Miaka yote hakuna muntu alikufa."

"Magunia yakilowa jasho?"

Mukankusi aliinuka, akaenda kwenye sanduku la swichi, akaingiza ukucha chini ya ukingo wa stika ya kijani na kuibandua. Aliibandua taratibu, maana gundi ya Mzee Mudathiru ni nzuri kama kazi yake. Kisha akafunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe.

Hilo lilikuwa jambo jingine. Kufunga kinu ni hasira ya siku moja. Kubandua stika ya Mzee bila Mzee ni kumwambia bonde zima kwamba mkono wake haufai. Munyaneza alilijua hilo vizuri, akatoa simu na kumpigia, akiwa ameweka spika ili kila mtu asikie binti anavyofukuzwa kazi.

"Mzee, salamu alekum. Huyu binti yako amebandua jina lako kwenye mashine yetu."

Sauti ya Mzee ikatoka kwenye spika: "Mpe simu."

"Niko hapa, Mzee."

"Umeibandua kweli?"

"Nimeibandua."

"Mimi nilipima pale kwa mikono yangu, Mukankusi. Omu sita."

"Zilikuwa sita, Mzee. Hukukosea. Shamba lilikuwa na maji."

"Na wewe una hakika na waya zako?"

Swali hilo, kwa mtu kama yeye, ni karibu na tusi. Alilimeza. "Njoo na zako."

Alikuja nazo. Aliteremka kutoka Kamembe nyuma ya pikipiki, kofia yake nyeupe ikiwa imegeuka rangi ya barabara, na mfuko wa kipimo chake cha zamani kifuani kama mtoto mchanga. Hakumsalimia mtu zaidi ya salamu ya lazima. Mukankusi alisogea pembeni, akaweka mikono nyuma. Alikuwa anaipenda kazi hii, na alijua kwamba Mzee akisema neno moja tu, mashine itawaka na yeye atakuwa anatafuta karakana nyingine. Alijua pia kwamba ufunguo wa kufuli uko mfukoni mwake na hautatoka.

Mzee alipima. Akahamisha vijiti, akapima upande mwingine wa shamba. Akagusanisha ncha za waya, kitu ambacho hakuna aliyekuwa amemwona akikifanya kwa miaka, akapima tena. Kisha akachuchumaa, akaingiza mkono kwenye ufa kando ya fimbo, na mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko.

Alipapasa chini huko kama mkunga.

"Munyaneza," alisema mwishowe, "mwenye lori mwambie aende."

"Mzee, tafadhali, twende polepole..."

"Aende. Lete watu wenye sururu. Sio hapa kwenye tuta. Kule nyuma ya stoo, pasipoingia maji wala kutoka. Tutachimba shimo kwanza, halafu fimbo tatu, moja juu ya nyingine, zishuke mpaka kwenye udongo usiojua habari za msimu."

Lori liliondoka kwenda kinu cha jirani, na wakulima kadhaa wakalifuata na magunia yao. Waliobaki walichimba. Bonde lilisema kwamba ushirika umelogwa na mwanamke wa Bukavu. Munyaneza, ambaye alikuwa amekasirika kupita kiasi cha kukaa, alishika nyundo mwenyewe na kuigonga fimbo ya mwisho kwa chuki iliyofanya kazi nzuri sana. Kesho yake mchana Mukankusi alipima: omu nane, katikati ya kiangazi, bila tone la maji ya bidoni. Alipima tena jua lilipoanza kulegea. Nane. Akaweka mkanda na beringi mpya, akafungua kufuli, akawasha, akaishika mashine inayozunguka kwa kiganja kizima, miguu yake ikiwa mitupu ardhini, mbele ya Maman Umuhire.

"Haisalimii?" aliuliza Maman Umuhire.

"Haikujui tena, Maman."

Mzee alimkabidhi stika mpya. Alikuwa ameshaweka sahihi yake, na chini ya sahihi akaacha nafasi. Mukankusi aliijaza kwa jina lake, kwa herufi za kujibana, kwa sababu Mzee ana mwandiko mkubwa.

Walikuwa wakifunga mifuko simu ya Mzee ilipolia. Ni mwenye kile kinu cha jirani, ambako lori lilikuwa limekwenda. Amesikia habari, alisema. Yeye anapenda mambo ya norme, hata kuliko Munyaneza. Angeomba naye akaguliwe, ila pasiwe na haraka: baada ya mavuno, maji yakisharudi mashambani, kila mtu atakuwa ametulia na chai itakuwepo.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampa Mukankusi simu.

"Aksanti, Papa," alisema Mukankusi. "Zima mashine. Tuko njiani."