Kura ya Mabawabu

Mwaka ule wa barakoa, mchungaji wetu aliamka na wazo la kutupanga kama Walawi. Serikali ilikuwa imeruhusu watu wachache tu ndani ya ukumbi tuliokuwa tukikodi pale St Marys, huku ughaibuni, na kuimba kulikatazwa, isipokuwa watu watano mbele. Watano! Kanisa la Wakongo na Warundi, ambao hata chai tunaiombea kwa sauti nne. Basi akafungua habari za Daudi alivyowagawa Walawi, hawa waimbaji, hawa mabawabu, hawa watunza vyombo, kila kundi na zamu yake, akatangaza kwamba na sisi tutapigiwa kura, wakubwa kwa wadogo, bila upendeleo.

Mimi hiyo ya bila upendeleo sikuitaka. Nimeongoza kwaya tangu kambi ya wakimbizi kule Kigoma, na sioni aibu kusema kwamba sauti ninayo. Lakini hayakuwa majivuno matupu. Mama yangu alibaki kule Kigoma, macho yamemwishia, na alikuwa amesikia kwamba kazi yangu ya kutunza wazee ndiyo inayomaliza watu huku. Jirani yake alinieleza kwamba sahani ya mama inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Nikimpigia kumwambia mimi mzima, hasadiki. "Kwenye simu kila mtu ni mzima," aliniambia. Alitaka anisikie kanisani, katikati ya watu, katika ibada iliyokuwa ikirushwa hewani kila Jumapili. Mipaka imefungwa, ndege hakuna, nimebaki na koo tu. Niliogopa, nakwambia. Niliogopa atakufa na njaa kwa ajili yangu.

Kwa hiyo nikaamua kumsaidia Mungu kidogo.

Kura zilikuwa vizibo vya soda, jina limebandikwa kwa ndani, na kila mtu atatumbukiza chake kwenye sufuria. Wa kuzitoa alikuwa bibi mmoja Mrundi, mkubwa kuliko sote, tena mpenda vituko. Nikamwendea na sambusa. Nikamweleza kwamba kizibo changu nitakifukia kwenye barafu mpaka dakika ya mwisho. Akigusa cha baridi, akitoe hicho kwanza, maana waimbaji ndio watakaoanza. Bibi akala sambusa tatu, akasema hiyo si hila, ni kumrahisishia Roho kazi.

Siku ikafika. Nimeshatumbukiza kizibo, vidole vimekufa ganzi, mara mchungaji akasimama na kusema amebadili mpangilio. Tutaanza na mabawabu, kwa sababu bila mtu mlangoni tutapigwa faini na ibada itakuwa hakuna. Bibi, ambaye masikio yake ni ya kubahatisha, alikuwa ameshaingiza mkono sufuriani. Nikamkonyeza, hakuona. Nikakohoa kumpa ishara. Kukohoa, mwaka ule! Watu waliruka pembeni, mmoja akakimbilia kufungua dirisha, na bibi akadhani ninamharakisha. Akatoa kizibo na kukiinua juu kwa furaha kubwa. Bawabu wa kwanza, mimi. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Waimbaji wakatolewa baadaye, na wa tano alikuwa fundi magari ambaye akiimba mbwa wa jirani wanamjibu.

Jumapili iliyofuata niliwekwa mlangoni na kipimajoto, daftari la zamu na chupa ya dawa ya mikono. Simu ya kurushia ibada ilisimamishwa hapohapo ubavuni kwangu, kwani ndani mtandao ulikuwa haushiki. Nilikuwa nimenuna kweli. Ndipo akaja mzee wa kanisa, amechelewa, na shemeji watatu ambao haikuwa zamu yao. Akakisukuma kipimajoto changu kando, akisema yeye hapimwi na mtoto wa juzi. Hasira zangu zote za kizibo zikapata mwenyewe. Nikasimama katikati ya mlango, mikono kiunoni.

"Hata ungekuwa Haruni na kanzu yake, ungepimwa joto," nilimwambia. "Na hawa shemeji zako zamu yao ni wiki ijayo."

Akapandisha sauti, nami nikapandisha zaidi. Nilimkumbusha mpaka ibada alizosinzia. Ndani fundi alikuwa ameanza wimbo, na sidhani kama kuna aliyemsikia. Mwishowe mzee akaleta paji la uso, nikampima, joto liko sawa, akaingia. Shemeji wakarudi kwenye gari.

Baada ya ibada mchungaji aliniita. Kwa ule upole wake wa kutisha, akanijulisha kwamba ugomvi wote umerushwa hewani, toka bismillahi mpaka amina, na kwamba huenda nikahamishiwa kwa watunza vyombo. Nilitamani ardhi inimeze. Nimemkosesha mama wimbo, na badala yake nimempelekea aibu. Simu ikalia mfukoni, na alikuwa yeye.

Nikaanza kumwomba msamaha, akanikatiza.

"Nyamaza. Nimekusikia," alisema. "Mgonjwa hana pumzi ya kugomba hivyo."

Nililia palepale mlangoni, barakoa ikalowa. Akaniambia uji ameumaliza na ameomba mwingine. Kisha akataka kujua kama yule mzee atakuja tena Jumapili ijayo. Nikamwambia atakuja, hana kanisa lingine.

"Basi usimwachie mlango," mama akasema. "Nitasikiliza."